Hesabu Multipleksi Kabla ya Kuhesabu Chaneli

Ikifika saa 1 jioni nchini Kenya, Nipashe ya Citizen na KTN Leo huanza kwa pamoja, na mwenye kutaka kuona zote mbili hana la kufanya ila kuchagua. Tanzania saa 2 usiku ni yaleyale: TBC na ITV zinaanza kusoma habari dakika ileile. Anayefuatilia habari kwa kazi yake, au familia ambayo mechi imegongana na tamthilia, huishia dukani kuuliza kifaa cha kurekodi zaidi ya chaneli moja. Swali la kwanza huwa, "Kinarekodi chaneli ngapi?" Muuzaji atataja nambari yoyote. Nambari hiyo haikusaidii mpaka ujue chaneli unazozitaka zinasafiri pamoja au kila moja na njia yake.

Enzi za analojia kila kituo kilikuwa na masafa yake peke yake. Kwenye dijitali, chaneli kadhaa hufungwa pamoja katika kipande kimoja cha masafa, kwa kawaida chenye upana wa MHz 8, na kifurushi hicho ndicho kinachoitwa multipleksi. Ndani ya king'amuzi kuna tyuna, sehemu inayodaka masafa. Tyuna moja hudaka multipleksi moja tu kwa wakati mmoja, lakini ikishaidaka, imedaka chaneli zote zilizomo, kama vile matatu moja inavyofikisha abiria wake wote kituoni kwa mkupuo.

Kenya ina mfano mzuri wa jambo hili. Kampuni za Royal Media, Nation na Standard ziliunda mtandao wao wa kurushia matangazo, ADN, katika mvutano mrefu wa kuhamia dijitali ulioziacha Citizen, NTV na KTN nje ya hewa kwa wiki kadhaa mapema 2015. KBC, kwa upande wake, husafiri na Signet. Kwa hiyo anayetaka kurekodi Citizen, NTV, KTN na KBC kwa saa ileile anahitaji tyuna mbili tu. Muuzaji atakayemwambia anunue mashine ya tyuna nne hajakosea, ila amemwongezea gharama.

Kujua hali ya kwako hakuhitaji fundi. Washa king'amuzi chako cha antena, fungua chaneli, kisha bonyeza kitufe cha maelezo kwenye rimoti, mara nyingine mara mbili. Kwenye ving'amuzi vingi patatokea nambari ya masafa, 470 na kwenda juu, ikifuatiwa na MHz. Iandike karatasini mbele ya jina la chaneli. Rudia kwa kila chaneli unayoitaka. Zenye nambari sawa ziko kwenye multipleksi moja, na idadi ya nambari tofauti ndiyo idadi ndogo kabisa ya tyuna unazohitaji. Ongeza moja kama unataka kutazama chaneli ya multipleksi nyingine huku kurekodi kukiendelea.

Sasa vifaa vyenyewe. Vile ving'amuzi vidogo vya DVB-T2 (mfumo wa dijitali wa antena unaotumika huku kwetu) vyenye tundu la USB, vinavyouzwa kila mtaa, karibu vyote vina tyuna moja. Maandishi ya PVR kwenye boksi yanamaanisha tu kwamba ukichomeka flashi kitarekodi. Vijaribu palepale dukani: anza kurekodi chaneli moja, kisha hamia chaneli ya masafa mengine. Kikikwambia usimamishe kurekodi kwanza, umepata jibu. Halafu hamia chaneli ya masafa yaleyale na ujaribu kuirekodi nayo. Vingi vitakuruhusu kuitazama, vichache vitakubali kuirekodi sambamba na ile ya kwanza. Muuzaji akikataa kuchomeka antena ili ujaribu, nenda duka la pili.

Kwa anayetaka kurekodi kwa dhati, ninachokipenda ni kisanduku cha tyuna kinachounganishwa na ruta ya nyumbani badala ya runinga. HDHomeRun ni mojawapo, na ina matoleo ya tyuna mbili na nne. Kebo ya antena inaingia upande mmoja, waya wa mtandao unatoka upande wa pili, na kompyuta yoyote ya nyumbani inaweza kurekodi. Hakikisha toleo unalonunua ni la DVB-T2. Lililotengenezwa kwa soko la Marekani hufuata mfumo wa ATSC, na huku kwetu halitadaka kitu hata likiwa jipya kabisa. Watu wengi huletewa zawadi hiyo na ndugu aliyeko ng'ambo, kisha wakailaumu antena.

Mwenye kompyuta ya mezani anaweza kuweka kadi ya ndani, kwa mfano WinTV-quadHD ya Hauppauge yenye tyuna nne. Programu ya Tvheadend, isiyolipiwa na inayokaa vizuri kwenye Linux, hurekodi chaneli kadhaa za multipleksi moja kwa tyuna moja. Si programu zote zenye akili hiyo. Zipo zinazotumia tyuna nzima kwa kila chaneli hata kama zote ziko kwenye masafa yaleyale, na hapo hesabu yako ya karatasini inaharibika. Uliza hilo kabla ya kulipa.

Chaneli za kulipia ni habari nyingine. Kifaa cha kununua dukani hakiwezi kufungua chaneli iliyofungwa, kiwe na tyuna nne au nane. Njia rahisi ya kujua: ichomeke antena moja kwa moja kwenye runinga mpya yenye tyuna yake ndani, bila king'amuzi. Chaneli inayoonekana hapo iko wazi, na kifaa chochote kinachofaa kitairekodi. Isiyoonekana inabidi irekodiwe kwa kisimbuzi cha kampuni husika. DStv Explora, kwa mfano, hurekodi chaneli mbili huku ukitazama ya tatu, lakini rekodi zake zimefungwa ndani ya kisimbuzi. Huwezi kuzihamishia kwenye kompyuta.

Wenye dishi wana kikwazo kimoja zaidi. LNB, ule mdomo ulio mbele ya dishi, hupokea mawimbi ya wima na ya mlalo, kila moja katika bendi ya juu na ya chini. Hayo ni mafungu manne, na kebo ya kawaida hupitisha fungu moja tu kwa wakati. Ndiyo maana kisimbuzi chenye tyuna mbili kikipewa kebo moja hugoma kwenye baadhi ya chaneli. Mweleze fundi akuwekee LNB ya matundu mawili au manne na kebo mbili, au LNB ya Unicable iwapo kisimbuzi kinaikubali.

Upande wa kuhifadhi, hesabu ni nyepesi. Kila megabiti moja kwa sekunde huzaa takriban megabaiti 450 kwa saa. Chaneli ya megabiti 3 ni GB 1.35 kwa saa. Chaneli nne kwa saa moja kila jioni ni GB 5.4, na hadidiski ya TB 1 itakufikisha kama miezi sita. Ukirekodi chaneli hizohizo usiku na mchana, diski hiyo itajaa kabla siku ya nane haijaisha. Kwa kazi hiyo nunua diski zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera za ulinzi, kama WD Purple au Seagate SkyHawk, maana zimeundwa kuandika bila kupumzika. Flashi ya bei rahisi hushindwa kasi mapema, na picha huanza kukatika. Kama ni lazima uitumie, jua kwamba ikiwa katika mfumo wa FAT32 haiwezi kubeba faili linalozidi GB 4, na ving'amuzi vingi hukata kipindi kirefu vipande vipande.

Usigawe antena ovyo. Kigawanyio cha njia mbili hupunguza mawimbi takriban desibeli 3.5, cha njia nne karibu 7. Nyumba iliyo mbali na mnara itaanza kupoteza chaneli. Visanduku vyenye tyuna nyingi hugawa mawimbi vyenyewe kwa ndani, kwa hiyo kebo moja nzuri inatosha.

Umeme ukikatika, rekodi hukatika nao. UPS ndogo inatosha, kwa sababu vifaa hivi havili umeme mwingi, ila iunganishe pia na ruta. Watu husahau ruta.

Wakati wa kupanga saa, kumbuka kifaa hakijui saa za Kiswahili: habari za saa 1 jioni ni 19:00, za saa 2 usiku ni 20:00. Ratiba za vipindi zinazotoka kwa vituo vyetu mara nyingi hazipo au zimechelewa, kwa hiyo panga mwenyewe kwa mkono, uanze dakika tano kabla na umalize robo saa baada ya muda uliotangazwa. Mechi iongezee nusu saa, na ikiwa ni ya mtoano iongezee saa nzima, kwa ajili ya dakika za nyongeza na penalti.