Imani Huanzia Jikoni

Swali: Mwanangu ana miaka mitano na hatulii tukisoma Biblia jioni. Nimfundisheje imani?

Jibu: Mama, usimlazimishe kukaa kitako. Kumbukumbu la Torati 6:7 inawaagiza wazazi kuyanena maneno ya Mungu nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Ukikanda unga wa maandazi, mwache atie hamira, mfunike bakuli, kisha baadaye atazame unga ulivyoumuka. Hapo msimulie mfano wa chachu, Mathayo 13:33: Mungu hutenda kazi hata tusipomwona. Akimpokonya mwenzake mpira, msaidie kuomba msamaha. Nawe umwombe yeye unapomkosea. Sema kwa ufupi, jibu maswali yake, kisha mwache acheze. Mtoto huishika imani anayowaona wazazi wake wakiiishi.