Mafunzo Niliyopata Nikichagua Mbegu ya Viazi Mau Narok

Kwetu Mau Narok, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ni baridi kali, na kulima viazi ni riziki ya wengi. Lakini kinachonifanya niamke na hamu ni sehemu ndogo tu ya kilimo hicho: kuchagua mbegu. Kazi hiyo imenifunza haya.

1. Anza kutafuta ndani ya kazi uliyo nayo.
Vijana wengi huku huamini kwamba mpaka washuke Njoro au Nakuru ndipo maisha yatapata maana. Mimi nilizipitia kazi zangu za msimu, kuanzia kupanda, kupalilia na kupiga dawa hadi kuvuna, nikajiuliza ni ipi naifanya bila kusukumwa. Ilikuwa kupita mistarini viazi vikitoa maua, nikikagua shina moja baada ya jingine.

2. Tia hamu yako ujuzi.
Kupenda kitu hakutoshi. Wakulima wengi huuza viazi vikubwa na kubakiza vidogo viwe mbegu, ilhali mara nyingi vidogo hivyo hutoka kwenye mashina yenye virusi. Katika miaka ya 2000, Kituo cha Kimataifa cha Viazi na watafiti wa kilimo wa Kenya walifundisha wakulima wa Nakuru na Narok njia bora zaidi. Viazi vikiwa kwenye maua, chomeka kijiti kando ya kila shina lenye afya. Rudi baada ya wiki mbili hivi, ung'oe vijiti palipoingia virusi au ugonjwa wa mnyauko. Wakati wa kuvuna, chimba kwanza mashina yenye vijiti, moja moja, na mbegu itoke kwa yaliyozaa vizuri tu. Katika mashamba ya majaribio, mavuno yalipanda kwa takriban asilimia 30. Nilipoijua njia hii, matembezi yangu shambani yakapata kazi ya kufanya.

3. Chagua shughuli inayokujibu.
Viazi vya aina ya Shangi hukomaa kwa miezi mitatu hivi. Msimu ukiisha, shamba lenyewe huniambia kama macho yangu yaliona sawasawa. Liwe jema au baya, jibu hilo huzaa swali la msimu ujao, na swali hilo ndilo linaloyapa maisha yangu mwelekeo.

4. Shughuli hiyo iwafikie wengine.
Mnyauko husafiri kwa mbegu, kwa maji ya mvua na hata kwa udongo ulioganda kwenye jembe. Jirani akiwa na mbegu mbovu, shamba langu pia liko hatarini. Ndiyo maana nawaonyesha majirani ninachokijua. Siku jirani anaponiita nikague mashina yake, narudi nyumbani nimechoka mwili, lakini moyo umechangamka.

5. Usiigeuze kuwa mzigo.
Natenga kipande kidogo cha shamba kwa mbegu, sehemu iliyobaki nailima kama kawaida. Kipande hicho nakikagua kwa utulivu, bila haraka.

Nawe pitia kazi zako za wiki hii. Ile unayoifanya bila kusukumwa, itafutie mtu wa kukufundisha zaidi, kisha uishike kwa msimu mzima kabla ya kuihukumu.