Mkristu ni nani?

Tukiulizwa sisi ni nani, wengi wetu hutaja jina la Ubatizo, kisha tukanyamaza. Isidore Bakanja wa Kongo alibatizwa mwaka 1906. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa kibarua wa waashi, kisha mtumishi wa nyumbani. Alipoamriwa kuvua skapulari yake alikataa. Akapigwa mijeledi, akafa mwaka 1909, akiisha kumsamehe aliyemtesa. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994.

Ndugu wapendwa, sisi nasi tulipakwa Krisma ili tushiriki ukuhani, unabii na ufalme wa Kristu shambani, sokoni na nyumbani. Je, wanaofanya kazi pamoja nasi siku sita za juma wangetutambua kuwa Wakristu?