KASI YA UPEPO NA MADARAJA YA DHORUBA NA VIMBUNGA

Elimu kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Tarehe 15 Aprili, 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika, na baadaye ikaongoza kwa zao hilo. Mikasa ya namna hiyo ni nadra hapa kwa sababu visiwa hivi viko karibu na Ikweta, ambako nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuizungusha hewa hata iwe kimbunga. Hata hivyo, nadra si muhali. Tarehe 4 Mei, 2024 Hidaya ilifika Mafia ikiwa imekwisha kupungua nguvu. Ni wajibu basi kuyafahamu maneno yanayotumika katika taarifa za hali ya hewa.

Daraja hutolewa kwa kasi ya upepo ulio mkubwa kuliko wote karibu na kitovu cha dhoruba, ikichukuliwa kwa wastani wa dakika 10. Katika Bahari ya Hindi ya Kusini-Magharibi madaraja makuu, kwa kilomita kwa saa, ni haya:

(a) Mgandamizo mdogo wa kitropiki: 51 hadi 62.
(b) Dhoruba ya wastani: 63 hadi 88. Hapa ndipo dhoruba hupewa jina.
(c) Dhoruba kali: 89 hadi 117.
(d) Kimbunga: 118 hadi 165.
(e) Kimbunga kikali: 166 hadi 212.
(f) Kimbunga kikali sana: zaidi ya 212.

Huko Marekani kimbunga huitwa hurikeni, nacho huanza kwenye kilomita 119 na kugawanywa katika madaraja matano. La tano huanzia kilomita 252. Wao hutumia wastani wa dakika moja, ambao kwa kawaida hutoa tarakimu kubwa zaidi. Kwa hiyo taarifa mbili zikitofautiana juu ya kimbunga kimoja, si lazima mojawapo iwe na makosa.

Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, tarakimu hizo ni wastani. Mapigo ya ghafla ya upepo huuzidi. Aidha, kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo wa upepo juu ya ukuta au paa huongezeka mara nne. Paa lililostahimili kilomita 60 kwa saa haliwezi kuaminiwa kwa kilomita 120.

Pili, daraja hupima upepo peke yake. Halipimi mvua wala mafuriko. Mwezi Machi, 2023 Freddy iliwaua mamia ya watu nchini Malawi, mbali na bahari, kwa mafuriko na maporomoko ya udongo, wakati upepo wake ulikuwa umekwisha kupungua.

Kwa hiyo tangazo kwamba kimbunga kimeshuka daraja lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kwenda baharini au kurudi mabondeni. Hata upepo wa daraja (a), usio na jina, unatosha kuihatarisha ngalawa. Watumishi wanaopokea taarifa wazifikishe kwa wananchi zikiwa kamili: kasi ya upepo, mvua inayotarajiwa na hali ya mawimbi, na si jina la kimbunga peke yake. Wavuvi na manahodha wangojee tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa kwamba bahari imetulia.