SOMO LA MAPISHI: ANDAZI LA KUJAZA



Hapa Kirua Vunjo tumezoea maandazi ya sukari. Leo tujifunze andazi la chumvi, la kujaza. Wenzetu wa Tunisia, nchi iliyo kaskazini ya Afrika, huliuza barabarani. Wao huliita frikase. Hulijaza samaki jodari, yai, kiazi, zeituni na pilipili ya kusaga iitwayo harisa. Mwaka 2022 UNESCO iliingiza harisa katika orodha ya urithi wa utamaduni. Sisi tutatumia dagaa badala ya jodari, na parachichi badala ya zeituni.

Vitu vinavyotakiwa (maandazi 12)

Unga wa ngano nusu kilo. Hamira vijiko vya chai 2. Chumvi kijiko cha chai 1. Sukari kijiko cha chai 1. Mafuta vijiko vya chakula 2, na mengine ya kukaangia.
Za kujaza: viazi ulaya 4, mayai 4, dagaa waliokaangwa, kitunguu, nyanya, parachichi.
Pilipili: pilipili kavu, kitunguu saumu, chumvi na mafuta. Twanga pamoja.

Namna ya kutengeneza

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Changanya unga, hamira, chumvi, sukari na mafuta. Kanda kwa maji ya uvuguvugu mpaka unga uwe laini.
3. Funika saa 1. Kwetu huku juu kuna baridi, basi weka karibu na jiko.
4. Kata vipande 12, virefu kama kidole kinene. Viache nusu saa viumuke.
5. Kaanga kwa moto wa wastani. Moto mkali huunguza nje, ndani kukabaki kubichi.
6. Pasua ubavuni, paka pilipili, jaza. Parachichi likatwe mwisho, maana likikaa huwa jeusi.

Jihadharini

Mara ya kwanza tulijaza yote alfajiri, tukashuka nayo sokoni Himo ndani ya ndoo. Huko chini joto ni kali. Kufika saa saba mchana, kiazi na yai vimechacha! Tulimwaga vyote. Fedha ilipotea, lakini afadhali hivyo kuliko kuumiza matumbo ya watu. Siku hizi tunachemsha viazi na mayai huko huko sokoni, na tunajaza mnunuzi akifika. Kilichopikwa kisikae kwenye joto zaidi ya saa 2.

Hesabu

Chukua daftari. Andika bei ya kila kitu, pamoja na mkaa na nauli. Yai la banda lako nalo liandike, maana ungeweza kuliuza. Jumlisha, kisha gawanya kwa 12. Hiyo ndiyo gharama ya andazi moja. Ukiuza chini ya hapo, umekula mtaji.

Maswali

1. Kwa nini parachichi hukatwa mwisho?
2. Kwa nini tulipata hasara Himo?
3. Andazi moja litakugharimu shilingi ngapi?