Utupa: Rafiki wa Shamba, Sumu Mdomoni

Katika vichaka vya miombo kuzunguka Lubumbashi huota mti mdogo wa jamii ya kunde uitwao utupa. Wabemba huuita ububa. Jina lake la kitaalamu ni Tephrosia vogelii. Wavuvi wa zamani walitwanga majani yake, wakayatia majini, samaki wakaelea. Sumu hiyohiyo huua vidudu vya mboga na fukusi wa maharagwe. Hutusaidia ikibaki shambani, na hutudhuru ikiingia mtoni au chunguni.

UTAUTAMBUAJE?

Hukua mita 1 hadi 4. Majani yake madogo hupangana pande mbili za kikonyo na yana vinyweleo laini. Maua ni meupe au ya zambarau. Maganda ni marefu, yenye manyoya. Mbegu zake si chakula: usizihifadhi pamoja na maharagwe.

KUPANDA

1. Loweka mbegu usiku mmoja.
2. Mvua zikishika, mwezi wa Novemba, panda mbegu 2 kila shimo, ukiacha nafasi ya mita moja.
3. Panda mbali na kisima, mto, bwawa la samaki na mahali watoto wanapocheza.

Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaokamata nitrojeni ya hewani. Ukikata matawi na kufukia majani kabla ya kupanda mahindi, udongo uliochoka hurudisha nguvu, nawe hupunguza gharama ya mbolea.

DAWA YA VIDUDU VYA BUSTANI

1. Twanga kilo 1 ya majani mabichi. Kinu cha sombe kisitumike kamwe: tenga kinu, ndoo na kitambaa vya kazi hii tu.
2. Loweka katika lita 10 za maji yenye sabuni kidogo hadi kesho yake, kisha chuja. Funika ndoo, iwe mbali na watoto.
3. Nyunyiza jioni, kwani mwanga wa jua huiharibu sumu. Vaa glavu, nguo za mikono mirefu na kitambaa puani na mdomoni.
4. Ngoja angalau siku 7 kabla ya kuchuma lengalenga au mboga nyingine, kisha zioshe vizuri.

Si kila mti wa utupa una sumu hiyo. Jaribu kwanza kwenye tuta moja. Vidudu wakifa, chukua mbegu za mti huo kwa msimu ujao.

KUHIFADHI MAHARAGWE YA MBEGU

Kausha majani kivulini, saga, kisha changanya gramu 50 za unga wake na kila kilo ya maharagwe ya kupanda. Andika juu ya chombo: SUMU, MBEGU TU. Maharagwe ya kula yakaushe vizuri juani, yapoe, kisha uyajaze hadi juu kwenye chombo kisichopitisha hewa. Fukusi hufa kwa kukosa pumzi.

USIFANYE HAYA

- Usivue samaki kwa utupa. Huua wakubwa na vifaranga pamoja, na maji ya Kafubu, Lufira na Luapula hutumiwa na familia nyingine huko chini.
- Usiunywe kwa ugonjwa wowote, wala kwa kutoa mimba. Watu hufa.
- Usiupake kichwani mwa mtoto kuua chawa.
- Usioshe vyombo vya utupa mtoni.

MTU AKIUMEZA

Dalili ni mdomo kufa ganzi, kutapika, kupumua kwa shida na degedege. Hakuna dawa maalumu ya kuivunja sumu hii, kwa hiyo usipoteze muda nyumbani. Usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa wala mafuta. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni. Akilegea, mlaze ubavu. Mpeleke mara moja kituo cha afya au hospitali, pamoja na jani la mti huo, na umwambie mganga kilichomezwa, kiasi na saa.