Kabla Fundi Hajapiga Windows Upya

Wadogo zangu, kuna binti wa chuo ameniandikia wiki hii akiwa amechanganyikiwa. Laptopu yake inaishia kwenye nembo ya kampuni, kiduara kinazunguka weee, haifunguki. Ndani yake kuna utafiti wa mwaka wa mwisho, na hana nakala popote. Fundi kamwambia dawa ni kupiga Windows upya: aache hela, aifuate jioni.

Mdogo wangu, usikubali kwanza. Windows kugoma hakumaanishi kazi yako imepotea. Mara nyingi diski ni nzima na mafaili yamo humo humo, ila mlango wa mbele ndio umekwama. Kinachofuta mafaili ni kule kupiga Windows kwa haraka kabla mtu hajayatoa.

Njia ya kuyatoa ni kuiwasha laptopu kwa flashi badala ya diski yake. Kompyuta ikipata umeme tu, programu ndogo iliyomo kwenye madabodi inaamka kabla ya Windows, inakagua vifaa, kisha inatafuta pa kuwakia. Kwa kawaida inakwenda moja kwa moja kwenye diski ya ndani. Menyu ya kuwashia inakuruhusu kuiambia: leo washa kutoka kwenye flashi. Ni kwa safari hiyo moja tu. Ukizima na kuwasha tena bila kugusa kitu, inarudi kwenye utaratibu wake, na hujaharibu chochote. Kwa hiyo ondoa woga.

Kitufe cha menyu hiyo kinategemea kampuni. Dell na Lenovo ThinkPad ni F12. HP unaanza na Esc, halafu F9. Laptopu nyingi za ASUS ni Esc. Acer ni F12, ila mara nyingi inakuja imezimwa; inabidi uingie kwanza kwenye mipangilio kwa F2 uiruhusu. Lenovo IdeaPad nyingi zina kitundu kidogo ubavuni: laptopu ikiwa imezimwa, ingiza pini taratibu, bonyeza, menyu itakuja yenyewe.

Wengi wanashindwa kwenye kuwahi. Usisubiri nembo itokee. Washa, na papo hapo anza kugongagonga kitufe, ta-ta-ta-ta, mpaka orodha itokee. Ukiona kiduara, umechelewa. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, urudie. Kama F12 inaongeza sauti au mwanga badala ya kazi yake, shikilia Fn pamoja nayo. Na ikiwa Windows yako bado inafunguka, kumbuka kwamba tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida huwa si kuzima kabisa, na ndiyo maana kuwaka kwake ni kwa kasi hivyo. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha chagua "Use a device".

Flashi yenyewe iandae kwenye kompyuta ya rafiki. Pakua Ubuntu, mfumo wa bure unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila Windows, uiandike kwenye flashi ya GB 16 kwa programu ya Rufus. Tafadhali, hakikisha flashi haina kitu cha maana, maana Rufus itaifuta yote. Ikishawaka kwenye laptopu yako, chagua kuijaribu Ubuntu, usichague kuiweka. Nakuomba hapo usome mara mbili kabla ya kubofya, kwa sababu kuiweka kunaweza kufuta diski ile ile unayotaka kuiokoa.

Sasa angalia diski ya ndani. Ikifunguka, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Ukiombwa ufunguo wa tarakimu 48, ujue imefungwa kwa BitLocker, jambo la kawaida kwenye Windows 11. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia kwa simu uutafute. Bila huo hata fundi bingwa hakusaidii, kwa hiyo ninyi ambao laptopu zenu ni nzima, uandikeni leo kwenye daftari. Diski isipoonekana kabisa, au ikitoa sauti ya kugongagonga, zima usiendelee. Tatizo ni la diski yenyewe, na kupiga Windows hakutaitibu. Mtafute mtu anayeokoa data.

Ukiogopa kufanya peke yako, hakuna ubaya, nenda kwa fundi. Lakini mwambie hivi: "Naomba uiwashe kwa flashi kwanza, tutoe mafaili yangu, Windows baadaye." Fundi mwenye ujuzi hatashangaa. Vuta kiti ukae naye, na diski yako ya nje mkononi. Anza na faili la utafiti, lifungue kwenye kompyuta nyingine uone kurasa zote zipo, ndipo uhamie kwenye picha na miziki.